Mama, ya Kwako Haitashika

Dada yangu alikunja mkono wa gauni lake hadi juu ya kiwiko, akaunyoosha mbele ya daktari, na kusema kwa sauti iliyofika vitanda vya mwisho vya wodi: "Daktari, chukueni ya kwangu. Huyu ameshaumia vya kutosha."

Daktari, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, alikuwa ndiyo kwanza ametueleza kwamba mguu wa mpwa wangu umesafika, umeota nyama nzuri, na kwamba keshokutwa angeingizwa chumba cha upasuaji ili apandikizwe ngozi. Ngozi hiyo ingetolewa kwenye paja lake la kushoto, ambalo halikuwa na hata mkwaruzo. Hapo ndipo dada aliposimama.

"Nakuelewa, mama," daktari alijibu kwa upole. "Lakini ya kwako haitashika. Itakayoshika ni ya kwake mwenyewe."

Dada hakubishana. Alishusha mkono wa gauni, akamshukuru daktari, na muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha tukatoka. Ila tulipokuwa ndani ya daladala la Mbagala, tumesimama na kubanana, alinigeukia akauliza jambo ambalo limenikaa kichwani wiki zote hizi: "Damu yangu waliipokea bila maneno. Ngozi yangu ina nini?"

Sikuwa na jibu.

Nimelitafuta tangu siku ile, kwa kuwauliza wauguzi na madaktari kila nilipopata nafasi na kwa kusoma usiku, kwa sababu niliona kwamba ndani ya swali la dada limo jingine zito zaidi, ambalo wengi wetu hulimeza pale kando ya kitanda: kwa nini mtu aliyekwisha kujeruhiwa ajeruhiwe tena ndipo apone?

Kusubiri nyama

Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa ajali ya bodaboda na lori katika Barabara ya Mandela huwaje. Itoshe kusema kwamba mfupa haukuvunjika, lakini ngozi ya mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo, ilichunika pamoja na mafuta yaliyo chini yake, na sehemu iliyobaki ikining'inia ilifa ndani ya siku chache, ikawa nyeusi, ikabidi iondolewe.

Baada ya hapo ulifuata muda ambao sisi ndugu tuliuona kuwa wa kuachwa tu. Kidonda kinaoshwa, kinafungwa, kinafunguliwa, kinaoshwa tena. Mama mtu alikuwa akihesabu siku na kunong'ona kwamba tumesahaulika.

Hatukuwa tumesahaulika. Ngozi iliyopandikizwa huja bila mshipa wake wowote wa damu, na kwa hiyo maisha yake yote hutegemea mahali inapolazwa. Ikilazwa juu ya mfupa ulio wazi, uliopoteza utando wake, au juu ya kano iliyovuliwa ala yake, itakufa, kwa kuwa hapo hakuna vishipa vya kuipokea. Ikilazwa juu ya nyama iliyokufa au juu ya usaha, itaoza pamoja nayo. Kinachosubiriwa ni ile nyama mpya nyekundu, yenye punjepunje, ambayo ikiguswa kidogo tu na gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia kidonda, hutoa damu, na wekundu huo ndio ushahidi kwamba vishipa vimejaa chini yake. Ndiyo maana wauguzi walikuwa wakisisitiza mayai, maharage na dagaa kila tulipoleta chakula, na ndiyo maana rafiki yake aliyekuja na sigara alitolewa nje, kwani moshi wa tumbaku hubana vishipa vilevile vinavyosubiriwa kuota.

Laiti tungeelezwa hivyo mapema. Ndugu anayejua kwamba kidonda kinaandaliwa husubiri tofauti kabisa na ndugu anayedhani kidonda kimetelekezwa.

Kinachotolewa pajani

Nilikuwa nikidhani kwamba wanakata ngozi yote, kama kipande cha nguo. Sivyo, angalau si katika upandikizaji wa aina hii. Ngozi ina tabaka mbili: ile ya juu, nyembamba mno na isiyo na mishipa ya damu, na ile ya ndani, nene na imara, yenye mishipa ya damu, neva, tezi za jasho na mashina ya vinyweleo. Daktari hupitisha kisu maalumu, au mashine iitwayo dematomu, na kuchukua tabaka ya juu yote pamoja na sehemu tu ya tabaka ya ndani. Unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.2 na 0.4.

Unene huo ndio siri ya jambo zima. Kwa kuwa sehemu ya chini ya tabaka ya ndani imeachwa pajani, mashina ya vinyweleo na tezi za jasho yamebaki humo, na kila shina limezungukwa na chembe hai zinazoweza kuzaa ngozi mpya. Chembe hizo hupanda juu, hutambaa pande zote, hukutana na zile za shina la jirani, na kwa muda wa wiki mbili hivi paja huwa limejifunika lenyewe.

Ipo aina ya pili, ambapo ngozi huchukuliwa unene wake wote, kwa mfano nyuma ya sikio, juu ya mtulinga au kwenye kinena, na kidonda kinachobaki hushonwa kwa sababu hapo hakuna shina lililoachwa la kukifunika. Hiyo hutumika kwa maeneo madogo yanayohitaji ubora zaidi, kama uso, kope na vidole. Mguu mzima wa mpwa wangu usingewezekana kwa njia hiyo.

Kabla ya kulazwa juu ya mguu, ngozi ile ilipitishwa kwenye mashine ya kuitoboa matundu madogo kwa mpangilio, ikawa kama wavu, ili iweze kutanuka na kufunika eneo kubwa kuliko paja lilikotoka. Nilidhani hiyo ndiyo faida yake pekee, mpaka nesi mmoja aliponieleza kwamba matundu yana kazi nyingine ambayo ni muhimu vilevile: damu na majimaji yanayotoka kidondani hupata pa kupitia, badala ya kujikusanya chini ya ngozi na kuinyanyua.

Siku tano bila kuona

Baada ya upasuaji mguu ulifungwa bandeji nene, ukawekewa banzi la plasta ili kifundo kisicheze, ukainuliwa juu ya mito. Tukaambiwa hakuna atakayefungua kwa siku tano. Hakuna kushusha mguu, hakuna kujaribu kusimama.

Kinachotokea ndani ya bandeji hiyo kinanishangaza hadi leo. Katika saa 24 hadi 48 za mwanzo ngozi haina damu hata tone. Imegandishwa juu ya kidonda na nyuzi nyembamba za faibrini, zilezile zinazogandisha damu, na inaishi kwa kufyonza majimaji yanayochuruzika kutoka kwenye nyama iliyo chini yake. Huvimba kidogo kwa kuyanywa. Hiyo ni riziki ya muda mfupi sana. Kuanzia siku ya pili au ya tatu ncha za vishipa vya kidonda hukutana na ncha za vishipa vilivyokatwa ndani ya ngozi, zikaungana, na vishipa vipya navyo huanza kupenya, hata kufikia kati ya siku ya nne na ya saba damu huwa inazunguka ndani yake.

Muungano huo ni dhaifu kupita kiasi. Ngozi ikisogea kidogo tu kwa kuteleza juu ya kidonda, vishipa vilivyokwisha kuungana hukatika. Damu ikivuja na kuganda chini yake, majimaji hayafiki na vishipa havivuki. Vijidudu navyo vina nafasi yao katika maangamizi hayo, hasa wale wa jamii ya streptokokasi, ambao hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha faibrini, na wanaweza kuipoteza ngozi yote iliyopandikizwa hata kama upasuaji wenyewe ulifanywa kwa ustadi.

Kwa hiyo kulala kule bila kusogea, ambako mpwa wangu alikuona kuwa adhabu na sisi tukakuona kuwa kukaa bure, ndiyo tiba yenyewe. Natamani jambo hili lingeandikwa kwa herufi kubwa juu ya kila kitanda cha namna hiyo, kwa sababu nimewaona kwa macho yangu ndugu wenye mapenzi mema wakimsaidia mgonjwa wa kitanda cha jirani kwenda msalani kwa miguu, siku ya pili tu baada ya upasuaji.

Siku ya tano niliruhusiwa kusimama karibu. Nesi alilowesha gozi ya mwisho kwa maji ya chumvi ya hospitali, akasubiri ilainike, kisha akaanza kuinyanyua pembeni kidogo kidogo kwa koleo, huku kidole cha mkono wa pili, ndani ya glavu, kikiikandamiza ngozi isifuatane na gozi. Katika ngozi nyeusi rangi ya uhai haijitangazi haraka, hivyo alitazama kwenye matundu, ambako wekundu ulionekana wazi, kisha akagusa hapa na pale kuona kama ngozi inateleza. Haikuteleza.

"Imeshika," alisema.

Karibu na kifundo kilikuwapo kipande, upana wa sarafu mbili, kilichokuwa cheusi na kilicholegea. Nilishtuka. Nesi alikikata kwa mkasi bila haraka na kunieleza kwamba sehemu ndogo kama ile hujaziwa na ngozi ya pembeni inayotambaa kuelekea katikati, haihitaji kurudi chumba cha upasuaji.

Paja ambalo hakuna aliyelijulia hali

Kila aliyefika kumwona aliuliza habari za mguu. Hakuna aliyeuliza habari za paja, na paja ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

"Anko, mguu hauumi kiasi hicho," aliniambia. "Linaloniua ni paja."

Nilipouliza, niliambiwa kwamba hivyo ndivyo ilivyo kwa wengi. Kisu kikipita kwa juu, maelfu ya ncha za neva za tabaka ya ndani hubaki wazi, na kila msuguano huzifikia. Dawa ya maumivu kwa ajili ya paja ni haki ya mgonjwa, wala hapaswi kuona haya kuiomba.

Gozi ya paja ilikuwa imeshikamana na kidonda, imekauka na kuwa ngumu, na rangi yake ilikuwa ya damu ya zamani. Dada alitaka ibadilishwe kwa sababu aliona ni uchafu. Nesi alikataa, na alikuwa na sababu: gozi hiyo huachwa ibanduke yenyewe kadiri ngozi mpya inavyoota chini yake, na kuivuta ni kuing'oa ngozi changa pamoja nayo. Kila asubuhi alikata kwa mkasi ukingo uliokwisha kuachia, na chini yake ilionekana ngozi nyororo, yenye rangi ya waridi, ambayo siku kadhaa baadaye ilianza kuwa na madoa meusi madogo madogo, moja kwa kila kinyweleo, ambako rangi ilikuwa ikirudi. Mtu angeweza kuona kwa macho mahali ambapo kila shina lilikuwa likifanya kazi yake.

Kama kidonda cha paja kikianza kunuka, kutoa majimaji ya kijani au kuuma upya baada ya kutulia, hapo kifunguliwe na kutazamwa bila kungoja. Kikiwa kikavu na kimetulia, kiachwe.

Kaka wa Glasgow

Sasa nirudi kwenye swali la dada.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, katika hospitali kuu ya Glasgow, Uskoti, daktari wa upasuaji Thomas Gibson na mwanazuolojia Peter Medawar walimtibu mwanamke aliyeungua vibaya. Walimpandikizia vipande vya ngozi yake mwenyewe na vipande vya ngozi ya kaka yake. Mwanzoni vyote vilionekana kushika. Kisha vya kaka vikaanza kuharibika, huku vyake mwenyewe vikiendelea vizuri. Wakapandikiza kundi la pili la vipande vya kaka yuleyule, na hilo likaharibika upesi zaidi kuliko la kwanza. Walipochapisha habari hizo mwaka 1943, haraka ile ya mara ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito wote: mwili wa dada mtu ulikuwa umeijifunza ngozi ya kaka, ukaikumbuka, ukaikataa kwa nguvu zaidi. Ilikuwa kazi ya mfumo wa kinga. Medawar aliendelea na utafiti huo hadi akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1960.

Nilipolisoma hilo nilimwona dada na mkono wake ulionyooshwa. Kaka yule alitoa ngozi kwa mapenzi yaleyale.

Na damu? Chembe nyekundu za damu hazina kiini, na hazibebi kwa wingi alama zile za utambulisho ambazo chembe za ngozi hubeba, kwa hiyo makundi yakilingana hupokelewa. Zaidi ya hayo, hakuna anayetarajia damu ya kuongezewa ikae. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha hufa na nafasi yake kuchukuliwa na damu ya mwenyewe. Damu ni msaada wa muda. Ngozi inatakiwa ikae maisha yote, na tena imejaa chembe za ulinzi ambazo kazi yake ni kutoa taarifa kwa mfumo wa kinga, jambo linaloifanya iwe miongoni mwa viungo vigumu kabisa kumpa mtu mwingine. Pacha wa kufanana peke yake ndiye ambaye ngozi yake hupokelewa bila ubishi. Na mwaka 1954, kabla ya madaktari wa Boston kuhamisha figo kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwenzake, walijaribu kwanza kupandikiza kipande cha ngozi kati yao ili kuthibitisha kwamba kweli wanafanana.

Hata hivyo, daktari alisema kweli ambayo ina ukingo. Yapo majeraha ambapo ngozi nzima iliyobaki mwilini haitoshi kufunika iliyopotea. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kuwaka moto Msamvu, Morogoro, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, na miongoni mwa majeruhi walioletwa Muhimbili walikuwamo walioungua sehemu kubwa sana ya mwili. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, ngozi ya mtu mwingine, iwe ya marehemu aliyeichangia au, mahali pengine duniani, ya mzazi aliye hai, inaweza kulazwa juu ya jeraha kwa wiki kadhaa, ikazuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie, wakati paja lililokwisha kutoa likiota upya na kutoa tena. Itakataliwa mwishowe, na kila mtu anajua hivyo. Imenunua muda.

Nilipomweleza dada hayo, alisikiliza hadi mwisho na kusema, "Basi si kwamba ngozi yangu ina kasoro." Kumbe ndilo lililokuwa likimwuma.

Baada ya ruhusa

Tuliporudi nyumbani niliona jinsi tulivyokuwa tayari kufunga ukurasa, ilhali kazi kubwa ilikuwa mbele. Ngozi nyembamba iliyopandikizwa huendelea kujikunja kwa miezi mingi, na ikivuka kiungo inaweza kukivuta kisinyooke. Mazoezi ya kifundo aliyofundishwa yanauma, na ndiyo yanayomfanya atembee. Soksi ya kubana huvaliwa karibu mchana na usiku ili kovu lisinyanyuke, na kwa joto la Dar es Salaam hilo ni jambo la kumwonea mtu huruma. Ngozi hiyo haina mafuta yake wala jasho la kutosha, hupasuka ikiachwa kavu, kwa hiyo hupakwa vaselini isiyo na manukato mara kadhaa kwa siku. Jua linaifanya iwe nyeusi kwa mabaka, na inapaswa kufunikwa kwa mwaka mmoja au zaidi. Alama za matundu hazitaondoka.

Linalonitia hofu zaidi ni hisi. Neva hurudi polepole, kutoka pembeni na kutoka chini, kwa miezi hadi miaka, na hazirudi zote. Mpwa wangu anataka kurudi barabarani. Ekzosi ya pikipiki yake ipo upande wa kulia, sentimita chache kutoka kwenye ngozi ambayo kwa sasa inaweza kuungua bila yeye kujua. Tumekubaliana suruali nzito na kinga ya bati juu ya ekzosi kabla hajabeba abiria yeyote.

Kina cha jeraha

Paja lile limenifundisha pia kuhusu majeraha ya moto, ambayo ndiyo yanayowaleta watoto wengi kwenye upandikizaji. Paja lilipona lenyewe kwa sababu mashina ya vinyweleo yalibaki. Mtoto aliyemwagikiwa chai au uji yupo kwenye hesabu hiyohiyo: joto likiishia juu ya mashina, ngozi yake itajifunika, likishuka chini yake, atahitaji kisu na paja lake mwenyewe. Tofauti kati ya hayo mawili ni sehemu ndogo ya milimita, na joto huendelea kushuka hata baada ya sufuria kuondolewa.

Ndiyo maana maji ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20 kamili, yana maana kubwa, na bado yanasaidia mradi saa tatu hazijapita tangu kuungua. Yasiwe barafu. Isiwe dawa ya meno, yai wala unga, ambavyo havitoi joto na humlazimu nesi kuvikwangua baadaye. Mtoto afunikwe sehemu ambazo hazikuungua ili asipatwe na baridi, kisha apelekwe hospitali. Na kama bomba halitoi siku hiyo, ndoo na kata vinatosha, mtu mmoja akimshika mtoto na mwingine akimimina polepole bila kuacha.